Picha walinitumia, negativu zangu wakazitupa

Nilijiambia nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa. Wiki kadhaa zimepita, pengine mwezi, na kila nikivuta droo ninamoweka bahasha za negativu, ile mikanda ya kamera iliyokwisha kusafishwa ambayo picha huchapishwa kutoka kwayo, naona pengo la ile mikanda miwili, moyo unapanda upya. Basi naandika hivyo hivyo.

Studio yenyewe siitaji jina. Iko Dar es Salaam, na ni katika chache zilizobaki zinazosafisha mkanda wa rangi, yaani kuutia dawa mpaka picha zitokee. Niliwapelekea mikanda miwili ya Kodak Gold, ya picha 36 kila mmoja. Aliniletea binamu yangu anayeishi Uingereza, na uwanja wa ndege alisimama pembeni na kijifuko chake mkononi akiomba waikague kwa mkono, maana zile mashine mpya za kukagulia mizigo zinauharibu mkanda ambao haujasafishwa. Mtu amechelewesha foleni nzima kwa ajili ya mikanda yangu miwili. Hilo nalo liko kwenye hesabu ya uchungu wangu.

Mkanda wa kwanza karibu wote ni Pangani. Mama Mkubwa amekalia mbuzi anakuna nazi, mlango wa uani uko wazi, na jua la saa kumi linaingia chini chini mpaka kwenye sinia. Wajukuu humpiga picha kwa simu kila siku, wala hageuki. Lakini alipoiona kamera ya mkanda aliacha kukuna, akajipangusa mikono, akasema, "Hiyo ndiyo ya kweli. Ngoja nivae ushungi." Akauvaa, akakaa tena, akaendelea na nazi yake. Nilimpiga picha sita tu, nikihesabu. Kwa simu ningempiga sitini na nisingeikumbuka hata moja.

Sasa niseme haki yao kwanza: walisafisha vizuri. Vizuri sana. Aliyewahi kusafishiwa mkanda kwa dawa iliyochoka anajua, nyuso zinakuwa za kijani na vivuli vinakuwa matope. Hapa sivyo. Picha zilipoingia kwenye simu usiku ule nilikaa kitandani machozi yakanilenga. Weusi wa ngozi ya Mama Mkubwa ulikuwa weusi wake mwenyewe, wenye joto, si ule wa majivu ambao simu hututengenezea. Sinia la kijani lilionekana mpaka pale ukingoni lilipobanduka rangi. Niliwatumia ujumbe wa sauti kuwashukuru. Ningeulizwa saa ile, ningewapa nyota zote.

Siku nne au tano baadaye nikaenda kuchukua negativu. Kijana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu yake.

"Picha si umeshatumiwa WhatsApp, dada?"

"Nimetumiwa, kaka. Nataka negativu zangu."

"Hizo huwa tunatupa. Watu hawazifuati."

Nikadhani sijasikia. Nikamuuliza zimetupwa lini. Akasema jana, au juzi, hana uhakika, taka zinachukuliwa asubuhi. Nikamuuliza kwa nini hawakunipigia, na namba yangu wanayo, si ndiyo waliyonitumia picha? Hapo akainua uso, akacheka, cheko la mtu anayemwonea huruma mjinga. "Dada, unang'ang'ania plastiki ya nini? Picha unazo. Mambo ya mikanda yameshakufa, na kiwanda chenyewe kilishafungwa."

Plastiki. Neno hilo limekaa kichwani mwangu tangu siku ile.

Ile "plastiki" ni utando wa asetati unaotokana na selulosi. Juu yake hupakwa jelatini, ambayo asili yake ni mifupa na ngozi za mifugo, na ndani ya jelatini mna chembe za madini ya fedha zinazonasa mwanga. Mkanda wa rangi una tabaka zaidi ya kumi, na zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele. Zinapakwa gizani, kwenye mitambo mirefu kama mitaa, na wafanyakazi wanatembea humo kwa kukariri njia. Watu wa kiwanda cha Kodak kule Rochester, Marekani, wamefanya kazi hiyo zaidi ya miaka mia. Na kiwanda hakijafungwa. Mwishoni mwa 2024 Kodak walisimamisha uzalishaji wa mikanda kwa muda ili waboreshe mitambo, kwa sababu wanunuzi wamerudi mpaka mitambo ikawa hailingani nao. Nilimwambia kijana yule mambo haya pale pale, kwa sauti kubwa, mbele ya mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti na mwanawe. Sikuona aibu.

Ila nikiwa mkweli, kijana hakulitoa hewani. Kifo kimeshapita pale mara nyingi. Kodak waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Januari 2012, na mwaka huo huo wakaacha kutengeneza mkanda wao wa rangi wa Ektachrome, wakaja kuirudisha 2018. Fujifilm waliiacha Pro 400H mwaka 2021, mkanda ambao wapiga picha za harusi waliupenda kwa ngozi na kwa shela. Ilford, kampuni ya mikanda kule Uingereza, ilianguka 2004, ikaokolewa na mameneja wake wenyewe walioinunua, na leo kampuni waliyoiunda, Harman, si tu inaendelea na mikanda ya rangi nyeusi na nyeupe, bali mwishoni mwa 2023 ilitoa mkanda wake wa kwanza wa rangi, Phoenix. Anayesema mikanda imekufa hajui. Na anayesema imepona hajui pia. Mitambo ile ilijengwa enzi dunia nzima ilipokuwa ikinunua mikanda kama inavyonunua sabuni. Huwezi kuukata mtambo nusu kwa kuwa wateja wamebaki nusu.

Lakini mfano unaoniuma ni Kodachrome, mkanda mwingine wa rangi wa Kodak. Kiwanda kiliiacha 2009. Mkanda ule ulikuwa na namna yake ya kusafishwa, kwa sababu rangi zenyewe zilitiwa wakati wa kusafisha, haukukubali dawa ya mikanda mingine. Ikabaki maabara moja tu duniani, Dwayne's Photo, katika mji mdogo wa Parsons, Kansas. Mwisho wa 2010 nao wakaacha kuupokea. Kuanzia hapo, mwenye Kodachrome iliyopigwa ndani ya kabati lake alikuwa na picha ambazo hakuna anayeweza kumtolea rangi zake. Kwa hiyo wanaposema mustakabali wa mkanda uko Rochester, mimi nasema uko pia kwenye kaunta. Mkanda unaishi pale unaposafishwa, na pale anapopatikana mtu wa kuukata vipande, kuutia kwenye bahasha, kuandika jina juu yake na kumkabidhi mwenyewe.

Kwetu tunalijua hili kwa macho. Mama Mkubwa alikuwa na albamu ya picha za harusi yake na za ndugu zake, miaka ya sabini, zote nyeusi na nyeupe. Mchwa wakaipata. Walikula kuanzia mgongoni mwa albamu kwenda mbele, na siku alipoifungua zilimwagika karatasi zenye vichwa visivyo na miili. Negativu zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, zimefungwa kwa karatasi ya gazeti. Mchwa hawakufika huko. Mjomba alizipeleka zikachapishwa picha upya na leo picha ya harusi iko ukutani sebuleni. Nilipompigia kumwambia picha zake zimetoka vizuri, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na mkanda wake umeuweka wapi?" Nikamwambia ningali kazini, nitampigia baadaye.

Kuna jambo jingine. Picha nilizonazo ni zile za WhatsApp, zilizopunguzwa ukubwa. Nikauliza kama yale mafaili makubwa yapo. Yamefutwa, kompyuta ilikuwa imejaa. Nikajaribu kuchapisha ile nzuri kuliko zote, ukubwa wa kutundika ukutani, mahali pengine, kwa pesa nyingine. Uso wa Mama Mkubwa umevunjika vipande vya mraba kwenye shavu, na nazi aliyoikuna, ile ambayo kwenye negativu ingekuwa na kila uzi wake, imekuwa doa jeupe kama uji uliomwagika. Siwezi kumpelekea. Imekunjwa nyuma ya mlango wangu.

Kwa hiyo msiende. Nilitaka kuishia hapo, msiende, nyota moja.

Lakini yupo fundi wao. Alitoka nyuma aliposikia sauti yangu, mzee mwenye shati lililotobolewa na dawa kifuani, mikono imemkauka. Hakujitetea. Aliniambia, "Subiri, mwanangu," akarudi ndani, tukasikia akivuta vitu. Alirudi na kipande kimoja cha negativu, picha nne, kilichokuwa kimesahaulika kwenye skana. Nilikiinua kwenye taa. Kivuko cha Kigamboni, mkanda wa pili. Mama Mkubwa hayumo. Alinitazama usoni akajua, akashusha macho.

Aliniambia zamani fundi akipoteza negativu ya mteja alikuwa hana kazi kesho yake. Nikamuuliza wanasafisha mikanda mingapi siku hizi. Kwa wiki, akasema, ikizidi sana ni kumi. Mashine yao iliundwa kumeza mamia kwa siku. Dawa isipotumika inakufa kwa hewa, kwa hiyo wiki mbovu anamwaga dawa nyingi kuliko aliyosafishia. Mkanda unataka dawa yenye nyuzi joto 38 hivi, haikubali kucheza hapo, na umeme ukikatika katikati, yeye husimama na kipimajoto na ndoo ya maji ya moto. Ananunua dawa nyingine kwa pesa yake, akisubiri bosi amrudishie. Kumbe ni ugonjwa ule ule wa Rochester, umefika mpaka kwenye chumba chake chenye feni moja: mtambo mkubwa, mikanda michache. Na zile rangi za ngozi zilizonitoa machozi ni kazi ya mikono yake.

Nilitoka pale hasira imepungua nusu. Nilipofika kituo cha daladala ikarudi yote. Kwa sababu umaskini wa dawa naulewa, uchache wa wateja naulewa, lakini bahasha ya karatasi ni shilingi ngapi? Kupiga simu moja ni shilingi ngapi? Ndani ya chumba kimoja yupo mtu anayesimama na ndoo ya maji ya moto kuokoa picha yangu, na hatua tano mbele yake yupo mwingine anayeitia kwenye pipa na kuniita mng'ang'anizi. Bosi anayelipa mishahara ya wote wawili hakuwahi kunipigia kusema pole, ingawa niliacha namba mara mbili.

Mwenye mkanda na anayetaka kujua afanye nini badala yake, sina jibu zuri. Rangi nyeusi na nyeupe unaweza kujifunza kusafisha bafuni kwako, dawa yake haina masharti makali, na nimeanza kuulizia. Rangi bado nawahitaji wao. Andika kwenye karatasi ya oda, kwa herufi kubwa, kwamba negativu zirudishwe, kisha mwambie wa kaunta aisaini. Uliza fundi yupo leo kabla ya kuacha chochote kaunta.

Nimebakiwa na mkanda mmoja, uko kwenye friji nyuma ya chupa za maji. Mwezi ujao naenda Pangani. Nitamwambia Mama Mkubwa ukweli, na akikubali kuvaa ushungi mara ya pili nitampiga 36 zote. Nikirudi nitaupeleka pale pale, kwa yule mzee, mkononi mwake, na nitakaa kwenye lile benchi la pasipoti mpaka zikauke.