Kutengeneza Gemu bila Kuandika Msimbo: Mapitio ya Masomo ya GDevelop

Matangazo ya kozi za mtandaoni yanayomwahidi mtu kwamba atatengeneza gemu bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo yamekuwa mengi, na mwalimu wa sekondari kama mimi, ambaye sikusomea sayansi ya kompyuta, huyatazama kwa hamu iliyochanganyika na mashaka. Kwa miezi minne, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, nimefuata masomo ya bure ya programu iitwayo GDevelop, na katika kipindi hicho hicho nikanunua kozi moja ya kulipia inayofundisha programu hiyo hiyo. Nimeyapima yote mawili kwa swali moja: je, mwanafunzi akishamaliza, anaweza kutengeneza kitu ambacho mwalimu hakukitengeneza mbele ya macho yake?

GDevelop ilianzishwa na Mfaransa Florian Rival, nayo ni programu huria chini ya leseni ya MIT, kwa hiyo kuipakua hakulipiwi, na gemu unayoitengeneza ni mali yako. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na pia inaweza kusakinishwa kwenye Windows, macOS, Linux na hata simu za Android. Kompyuta yangu ya mpakato ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na haikulemewa kwa gemu za picha bapa (2D). Jambo hili si dogo kwa mtu anayenunua bando kwa fedha za mfukoni. Unreal Engine, programu nyingine ya kutengeneza gemu, ina mfumo wake mzuri wa kuunganisha vijisanduku badala ya kuandika msimbo, uitwao Blueprints, uliokuja na toleo la nne mwaka 2014, lakini kuisakinisha kunadai makumi ya gigabaiti na mashine yenye nguvu. Godot, programu huria ya kazi hiyo hiyo, nayo ilikuwa na mfumo wa namna hiyo, ukaondolewa katika toleo la 4 lililotoka mwaka 2023, na anayefuata video ya zamani kuhusu mfumo huo atautafuta katika programu mpya asiuone.

Somo la kwanza la GDevelop liko ndani ya programu yenyewe. Kiputo cha maelezo kinakuonyesha pa kubofya, unaweka mhusika kwenye uwanja, unampa uwezo wa kutembea na kuruka, kisha unabonyeza kitufe cha kujaribu na mhusika anaanza kuruka kweli. Nilihitaji dakika zisizozidi 20 kufika hapo, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi sana. Kinachowezesha kasi hiyo ni kile ambacho programu inakiita tabia: ukimpa mhusika tabia ya mrukaji na ukazipa mbao tabia ya sakafu, basi uzito, kuanguka na kusimama juu ya ubao vinajitengeneza vyenyewe. Hapa ndipo wengi hulewa furaha ya mapema. Tabia hizo zimeandikwa na watu wengine, na somo lisipokueleza zinafanya nini ndani yake, utakuwa umepanga samani katika nyumba usiyojua misingi yake ilivyojengwa.

Moyo wa GDevelop ni jedwali la matukio. Kila tukio lina pande mbili: kushoto unaweka masharti, kulia unaweka vitendo. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ya kudaka nazi zinazoanguka kutoka mnazini kwa kutumia kapu. Sharti lilikuwa nazi kugusana na kapu, na vitendo vilikuwa kuifuta ile nazi na kuongeza alama moja. Ukilisoma tukio hilo kwa sauti ni sentensi ya kawaida kabisa, na mwanangu wa darasa la tano alilielewa bila kufafanuliwa. Ila ndani yake mna jambo ambalo lisipofundishwa humchanganya mwanafunzi kwa siku nyingi: sharti halisemi tu lini kitendo kifanyike, bali huchagua pia ni nazi ipi itakayoguswa na kitendo hicho. Ukiweka kitendo cha kufuta nazi pasipo sharti, nazi zote zilizo kwenye skrini hutoweka mara moja. Kurasa za maandishi za GDevelop zimelieleza jambo hili vizuri na kwa mifano. Kozi niliyoinunua, yenye video za saa tisa, haikuligusa hata kidogo.

Nitoe mfano mwingine, kwa sababu ndio ulionifunza zaidi ya video zote. Nilitaka mchezaji anapofikisha alama 20, gemu imshangilie kwa vigelegele, nami nilikuwa nimemrekodi mama yangu mkubwa akivipiga kwenye arusi. Nikaweka sharti kwamba alama zifike 20, na kitendo cha kupiga sauti. Nilipojaribu, badala ya vigelegele nilisikia mngurumo mkali unaokera masikio. Nilidhani faili la sauti limeharibika, nikalibadilisha mara tatu. Kumbe jedwali lote la matukio husomwa upya, kuanzia juu hadi chini, takriban mara 60 katika kila sekunde, na kwa kuwa alama zilikuwa zimefika 20 na kubaki hapo, sauti ilikuwa ikianzishwa upya mara 60 kwa sekunde. Dawa yake ni sharti dogo la nyongeza linaloagiza kitendo kifanyike mara moja tu pindi masharti mengine yanapotimia. Anayeelewa kwamba jedwali husomwa mfululizo bila kupumzika ameshaelewa nusu ya utengenezaji wa gemu. Masomo ya bure yanaeleza jambo hilo, ingawa kwa maoni yangu linachelewa kuja. Lilipaswa kuwa katika somo la pili, kabla mwanafunzi hajaweka sauti yoyote.

Kuhusu kozi ya kulipia, sitalitaja jukwaa lililoiuza, lakini kasoro zake nitazisema kwa sababu nimezikuta pia katika video nyingi za aina hiyo. Ilikuwa imerekodiwa kwa toleo la zamani la programu, hivyo menyu nyingi alizozionyesha mwalimu zilikuwa zimehamishwa, nami nikatumia muda mwingi kutafuta vitufe kuliko kufikiri. Faili za mazoezi zilikuja zikiwa zimekamilika, na hapakuwa na zoezi hata moja lililomwachia mwanafunzi kazi ya kufanya peke yake. Maswali niliyoyaandika chini ya video hayakujibiwa. Kibaya zaidi, ilifundisha kumsogeza mhusika kwa kuongeza hatua ileile kila skrini inapochorwa upya, bila kueleza kwamba simu dhaifu huchora mara chache zaidi kwa sekunde. Matokeo yake, kapu langu lililokwenda kasi kwenye kompyuta lilijikokota kwenye simu ya mwanafunzi wangu mmoja. Njia sahihi ni kutumia tabia za programu au nguvu ya mwendo inayohesabiwa kwa sekunde, na hilo nililipata bure katika kurasa za maandishi. Kurasa hizo zinafunguka kwa data kidogo mno ukilinganisha na video, na kwa yeyote anayehesabu megabaiti napendekeza aanzie huko na kuziacha video kwa yale tu ambayo maandishi yameshindwa kuyafafanua.

Kikwazo kikubwa kwa wanafunzi wetu ni lugha. Masomo niliyoyatumia yote yalikuwa ya Kiingereza, na mtoto wa kidato cha pili anayehangaika na maana ya neno hawezi papo hapo kuhangaika na maana ya wazo. Ndiyo maana katika klabu ya kompyuta ya shule sikuanza na GDevelop. Nilianza na Scratch, programu ya kuwafunza watoto kupanga amri za kompyuta, iliyotengenezwa na maabara ya chuo kikuu cha MIT nchini Marekani na kufunguliwa kwa umma mwaka 2007, kwa sababu vitalu vyake vya kupangia amri vinaweza kusomwa kwa Kiswahili. Unachagua tu lugha kwenye alama ya dunia. Inaweza pia kusakinishwa na kutumika bila intaneti. Wanafunzi waliopitia Scratch kwa wiki tatu walipohamia GDevelop walikuwa tayari wanajua maana ya sharti, ya kurudia na ya kutunza alama, kilichobaki ni kujifunza majina ya Kiingereza ya vitu wanavyovifahamu. Waliokwenda moja kwa moja GDevelop walibofya walipoambiwa wabofye, na video ilipokwisha wakakwama.

Sehemu ambayo karibu kozi zote huipita haraka ni ile ya kuifikisha gemu kwa watu. GDevelop hukuruhusu kutoa faili za kuchezwa kwenye kivinjari, unazoweza kuzipandisha bure kwenye itch.io, tovuti ya kusambazia gemu, na hukutengenezea pia faili la Android kwa idadi yenye kikomo kila siku kwa akaunti ya bure. Faili hilo nililisambaza kwa WhatsApp kwa ndugu na wanafunzi, na hiyo ilitosha. Anayetaka kuingia Google Play ajue kwamba kuna ada ya dola 25 inayolipwa mara moja, na kwamba mwenye akaunti mpya ya binafsi hutakiwa kwanza kuwa na watu 12 wanaoijaribu gemu yake kwa siku 14 mfululizo. Kozi inayokuahidi kwamba wikendi moja itakufikisha sokoni, kisha ikanyamaza kuhusu masharti hayo, haikutendei haki.

Baada ya nazi niliamua kutengeneza bao, na hapo ndipo nilipoona mipaka ya masomo haya. Takriban yote yanafundisha kuruka, kukimbia na kupiga risasi, ilhali bao ni mchezo wa zamu na hesabu: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji akianza na kete 22 zilizo nje ya ubao. Hakuna tabia iliyo tayari inayojua kugawa kete. Ilinibidi niyaweke mashimo katika orodha ya namba, nijifunze tukio la kurudia ili kete zidondoke moja moja, kisha niandike masharti kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mgawo uendelee. Sikuandika msimbo wowote, ila nilifikiri kama afikirivyo mwandishi wa msimbo, tena kwa wiki tatu nzima nikiwa na ubao halisi na kalamu mezani. Anayenunua kozi akitumaini kuikwepa kazi hiyo ya akili hataikwepa, awe na GDevelop au programu nyingine yoyote. Kwa mtu aliye tayari kuifanya, masomo ya bure ya GDevelop ni mazuri kuliko nilivyotarajia, na fedha niliyoitoa kwa kozi ya kulipia ningeinunulia bando na kipanya imara.

Bao langu kwa sasa linagawa kete na kula katika hatua ya mtaji, yaani hatua ya pili, kete zote zikiwa ubaoni, bila kosa. Namua, yaani hatua ya kwanza ya kuziingiza zile kete 22 ubaoni, na kanuni za nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ndizo ninazozishughulikia, katika jedwali ambalo hadi leo lina matukio 41, yote nimeyapanga mwenyewe bila video yoyote kuwa wazi mbele yangu.