Ukumbi wa mazoezi Sinza: bomba ni zuri, lakini paundi na kilo zimechanganywa

Ukumbi huu uko Sinza, Dar es Salaam, juu ya maduka ya vipuri vya magari. Jina lake silitaji, kwa sababu kasoro nitakayoieleza inapatikana katika kumbi nyingi za jiji hili, na si haki mmoja aibebe peke yake. Ada ya mwezi ni shilingi 60,000, feni zinafanya kazi na maji ya kuoga hayakatiki. Tathmini hii, hata hivyo, ni kwa ajili ya mtu anayekwenda pale kwa zoezi ninalolifanya mimi, yaani kujivuta kwenye bomba huku akiwa amening'iniza uzito kiunoni.

Bomba lenyewe ndilo sifa kubwa ya mahali hapa. Limefungwa kwenye nguzo mbili zilizozamishwa katika zege, halitikisiki hata anapolidandia mtu mwenye mwili mkubwa aliyejifunga mzigo, na unene wake unaokaribia sentimita tatu unaruhusu vidole kulizunguka barabara. Aidha, limewekwa juu kiasi kwamba mtu mrefu anaweza kuning'inia akiwa amenyoosha miguu, jambo lenye maana kubwa katika zoezi hili, kwa kuwa bomba likiwa chini pleti, yaani sahani ya chuma ya uzito, iliyofungwa kwa mnyororo hugonga sakafu kila anaposhuka, naye hulazimika kukatisha mwendo kabla mikono haijanyooka. Mkanda wa ukumbi, ule wa kiunoni wa kuning'inizia pleti, ni wa ngozi nene iliyoshonwa mara mbili, na kulabu ya mnyororo wake ina kifungio cha kuzungusha, hivyo haifunguki yenyewe. Hadi hapo sina la kulalamikia.

Tatizo liko kwenye rafu ya pleti. Seti moja ni mpya na imepimwa kwa kilo. Nyingine ni mtumba ulioingia na kontena, nayo imepimwa kwa paundi. Zote ni nyeusi, zote zina tundu la milimita 50, na zote hurudishwa kwenye misumari ileile bila kutenganishwa. Kubwa hazisumbui sana, kwa sababu 45 na 35 ni namba za paundi, ilhali 20 na 15 ni za kilo, na mtu aliyezoea huzitambua kwa kuziona tu. Ugumu uko kwenye 25, 10, 5 na 2.5, ambazo zimo katika vipimo vyote viwili. Na hizo ndizo anazozihitaji mtu wa bomba, kwani ni wachache mno wanaoning'iniza zaidi ya hapo.

Paundi moja ni kilo 0.45359237, kiasi ambacho Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kukitumia mwaka 1959. Kwa hiyo pleti ya paundi 10 ni kilo 4.54 tu, na ile ya paundi 25 ni kilo 11.34. Mtu mwenye kilo 70 akijifunga pleti yenye namba 10, huenda anavuta jumla ya kilo 80, au huenda anavuta 74 na nusu. Tofauti hiyo ya kilo tano na ushei inaweza kuonekana ndogo kwa anayechuchumaa na chuma begani, lakini katika kujivuta mwili wenyewe ndio sehemu kubwa ya mzigo, na kuongeza kilo mbili na nusu kwa mara zilezile kunaweza kuchukua wiki kadhaa za bidii. Daftari lililoandikwa "10, mara tano", bila kutaja kipimo, halimwambii mwenyewe kama amepanda au ameshuka.

Jioni moja kijana alijifunga, akajivuta mara mbili, akaachia bomba na kumgeukia mwenzake: "Kaka, hii hii juzi niliivuta mara sita, leo imekuwaje?" Mwenzake aliishika ile pleti, akasugua vumbi ukingoni kwa kidole gumba, na herufi za KG zikajitokeza. Huyo alikuwa amechukua 10. Angechukua 25, mzigo wake ungeruka kutoka kilo 11 hadi 25 kwa mkupuo mmoja, na wanaoumia hapo ni viwiko na mabega, kwa maana kano hukomaa taratibu kuliko misuli.

Nilikwenda na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, nikapima pleti ninazozitumia. Za kilo zilikaribia namba zake. Za paundi zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe, na moja ilipungua karibu nusu kilo. Mizani ya bucha ya mtaani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Pleti za mazoezi hazina mkaguzi, kwa hiyo uaminifu wake uko mikononi mwa mwenye ukumbi. Niliyemkuta zamu alinisikiliza kwa heshima na kuahidi kulifikisha kwa bosi, ila hadi ninapoandika rafu iko vilevile. Kopo moja la rangi nyeupe lingetosha: kingo za pleti zote za paundi zipakwe, zipewe misumari yake, na thamani yake kwa kilo iandikwe ubavuni. Haipendezi mteja anayelipa kila mwezi kuachiwa kazi hiyo ya kubahatisha.

Kwa sasa, anayejiunga atumie hesabu hii ya haraka: gawanya paundi kwa mbili, kisha toa sehemu ya kumi ya jibu. Paundi 45 zitatoa 22.5, ukitoa 2.25 unabaki na kilo 20.25, wakati uzito halisi ni 20.41, tofauti hiyo inavumilika. Asianze kujifunga mzigo kabla hajaweza kujivuta mara nane au kumi kwa usafi, kidevu juu ya bomba na mikono ikinyooka chini, na akianza aongeze kidogokidogo. Kwa ajili ya hilo atalazimika kwenda na pleti zake mbili za kilo 1.25, maana katika seti ya kilo hakuna ndogo kuliko 2.5 na zile za paundi haziaminiki, na walinzi wa mlangoni hawamzuii mtu kuingia nazo.