Chupa za koralaini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Karibuni watazamaji. Leo mezani nina chupa mbili na kifurushi kimoja, na vyote vinauzwa kwa ahadi ileile: kwamba mawe ya tangi lako la samaki na matumbawe ya baharini yataota koralaini, ule mwani mgumu wa waridi na zambarau mnaouona kwenye miamba ya Watamu maji yakipwa. Wengi mmeniuliza kuhusu hii chupa ya kwanza, basi tuanze nayo.

Sogeeni muone. Nikiitikisa, unga mweupe unapanda kutoka chini. Huo ni aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti iliyosagwa laini kabisa. Natia kifuniko kimoja kwenye gilasi ya maji ya tangi, haya, maji yamekuwa kama tui. Yanapendeza kuyatazama, lakini pesa zenu zinapotelea hapohapo. Maji ya tangi la matumbawe yenye pH ya 8.1 hadi 8.4 tayari yamebeba kalsiamu kaboneti kupita kiwango cha kushiba, kwa hiyo unga huu hauyeyuki humo. Utaelea, utatua mchangani, basi. Kalsiamu ikipanda kidogo kwenye kipimo, ni ile iliyokuwa imeshayeyushwa ndani ya chupa, na hiyo utaipata kwa bei ndogo zaidi ukinunua kalsiamu kloridi. Hii msinunue.

Koralaini anataka nini hasa? Ni mwani mwekundu anayejijengea chokaa kwenye kuta za seli zake, tena chokaa yenye magnesiamu nyingi. Mpe kalsiamu ppm (sehemu kwa milioni) 400 hadi 450, magnesiamu 1250 hadi 1350, na alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti majini, ya dKH (kipimo chake) 8 au 9 isiyoyumba. Hii alkaliniti naisisitiza sana. Chokaa ikijengwa hadi alkaliniti ikashuka kwa dKH 2.8, kalsiamu inakuwa imepungua kwa ppm 20 hivi tu. Mtu anapima kalsiamu, anaona 400 badala ya 420, anaridhika, kumbe alkaliniti imeshaporomoka kutoka 8.5 hadi 5.7 na koralaini hana cha kujengea. Kwa hiyo ukiniandikia kwamba kalsiamu yako iko sawa lakini mawe bado meupe, nitakuuliza alkaliniti kwanza. Na fosfeti, kwa sababu ikizidi inanata kwenye fuwele za chokaa na kuzizuia zisikue.

Ndiyo maana nakipenda hiki kifurushi. Ndani ni kalsiamu haidroksaidi, chokaa safi, hakuna kingine. Unakoroga gramu 2 hivi kwa lita ya maji yaliyochujwa, unaacha itulie, kisha unatumia yale maji maangavu ya juu tu. Yanaleta kalsiamu na alkaliniti kwa pamoja, kwa uwiano unaokaribiana sana na ule anaoutumia koralaini. Yadondoshe usiku, tone baada ya tone, badala ya maji yaliyopotea kwa mvuke, kwa sababu usiku ndipo pH ya tangi hushuka. Usiyamwage kwa mkupuo hata siku moja: pH yake inapita 12, na samaki hawatastahimili. Wewe mwenyewe vaa glavu, funika macho, na watoto wasisogee. Magnesiamu haimo, hiyo utaipima na kuiongeza kando.

Najua kuna atakayeuliza, je, chokaa ya tambuu? Au ile ya kupaka ukuta? Kwa asili ni kitu kilekile, ila hujui imechanganyika na nini, na wanyama wa tangi la matumbawe wanadhurika haraka na madini kama shaba. Nunua iliyo safi.

Chupa ya pili ina koralaini hai, vipande na mbegu zake ndani ya maji. Kama tangi lako limeanza na mawe makavu, hii ina kazi ya kweli, maana koralaini hatokei bila mbegu. Zima skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, na taa ya UV ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, la sivyo mbegu zitanaswa au kufa kabla hazijashika. Lakini bei yake ni kubwa. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani, lenye afya, mwombe konokono mmoja mwenye gamba lililoota waridi. Huyo anatosha. Msiende kubomoa mwamba baharini, nawasihi. Koralaini ndiye anayeshikamanisha mwamba wetu, na vitoto vingi vya matumbawe hutafuta alipo ndipo vitue. Kwenye hifadhi za bahari za Kisite, Watamu na Chumbe, huko ni marufuku kuchukua hata kipande.

Sasa tazameni nyuma ya pampu yangu. Mnaviona hivi vidoa? Ni vidogo kama kichwa cha pini, katikati zambarau, ukingoni vimepauka. Ule ukingo ndio unaokua. Hawajaanza kwenye jiwe la juu chini ya taa, wameanza huku kwenye kivuli, na kwa matangi mengi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kabla hujasema bado hajaota, chukua tochi, mulika nyuma ya pampu na pembe za chini za kioo. Ukivikuta, usivikwangue.