Uzoefu wangu: ziara ya ndani ya Bunge la Hungary pale Budapest, kuanzia tiketi mpaka taji

Wabongo wengi tunaosoma huku Hungary kwa ule ufadhili wa Stipendium Hungaricum lile jengo la Bunge tunalijua kwa nje tu. Unapanda tramu namba 2 pembeni ya mto Danube, unapiga picha, unaposti, imeisha hiyo. Mimi nimeingia ndani na mama mdogo wangu alipokuja kunitembelea, na nasema wazi kabisa kwamba kwa hela ya kiingilio nilizowahi kulipa huu mji, hii ndio iliyonilipa zaidi, ila shughuli yote iko kwenye kupanga. Ukienda kichwa kichwa utaishia kusimama nje.

Tuanze na tiketi. Ingia tovuti rasmi ya Bunge lenyewe, yenyewe inakupeleka kwenye mfumo wa tiketi unaitwa Jegymester, hapo unachagua siku, saa na lugha, unalipa kwa kadi, tiketi inakuja kwenye email. Usianze kwa kugugo "tiketi bunge Budapest" halafu ukabonyeza cha kwanza kinachotokea, maana zinakuja tovuti za watu wa kati zimejazana pale juu na zimetengenezwa vizuri mpaka unaamini ndio wenyewe, kuna jamaa yangu alinunua kwenye mojawapo na alilipa hela ndefu kuliko sisi kwa ziara ileile, mlango uleule, dakika zilezile. Dirishani pale pale zinauzwa pia lakini ni zile zilizobaki za siku hiyo tu, na kipindi cha joto watalii wakishamwagika mjini unaweza ukakuta zimeisha kabisa. Mimi nilikata wiki kadhaa kabla, mama mdogo alivyopata tu viza ya Schengen nikakata siku hiyohiyo, na hata hivyo saa nzuri za asubuhi zilikuwa zimeshaanza kupungua.

Kitu kingine angalia ratiba ya Bunge lenyewe. Lile sio makumbusho, wabunge 199 wanafanya kazi mle, kwahiyo wakiwa na kikao ziara zinasimama au zinapunguzwa, na siku za sherehe za kitaifa pia mambo yanabadilika. Kwenye tovuti wanaandika, soma kabla hujamkatia mtu tiketi ya treni kutoka Debrecen au Pécs.

Bei sasa. Kuna bei mbili, ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya na wenzao wa eneo la uchumi la Ulaya (EEA), na ya sisi wengine, na ya kwetu ni kama mara mbili. Inauma ndio, sitaki kusema haiumi. Inafuata uraia ulioandikwa kwenye pasipoti, kwahiyo usijifanye kuchagua ile ya chini ukitegemea hawataangalia, wanaangalia mlangoni, na hiyo aibu mbele ya mgeni wako ya nini. Nafuu iliyopo ni kwamba vijana mpaka miaka 24 wana punguzo, wanafunzi wengi tunaingia humo. Sitaji namba maana zinapanda panda, utaziona mwenyewe.

Kufika ni rahisi mno, metro ile nyekundu M2 unashuka Kossuth Lajos tér, unatokea uwanjani kabisa. Ila mlango wa wageni haupo pale mbele penye simba na ngazi kubwa, upo upande wa kaskazini, unashuka chini ya ardhi kwenye kituo cha wageni. Fika mapema kidogo, kuna ukaguzi kama wa airport, mabegi kwenye mashine, na begi kubwa usibebe kabisa. Mama mdogo ana magoti yanamsumbua na ngazi za mle ni nyingi kweli, nikamuomba dada wa pale mapokezi kwa Kihungary changu cha kuunga unga, akatuelekeza lifti bila maneno mengi. Kama una mzee au mtu wa kiti cha magurudumu sema mapema, usisubiri kundi lianze kupanda.

Kabla ya kuanza unapewa hedifoni, maelezo yanasikika kwa lugha uliyochagua na kuna mtu wao anawaongoza kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine. Kiswahili hakuna, tulichukua Kiingereza. Ziara nzima ni kama dakika 45. Hapa ndio lawama yangu pekee ya maana, kundi linasogea kabla macho hayajashiba. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa na maswali kila kona na hedifoni haijibu maswali, akawa ananigeukia mimi, "sasa huyu nani, mbona amevaa hivi?" Kwa bahati nilikuwa nimejisomea usiku wake. Fanya hivyo hivyo, yani mtu wenu mmoja asome kabla, ladha inabadilika kabisa.

Ukishapanda zile ngazi za kwanza unaanza kuona dhahabu. Wanasema imetumika karibu kilo 40 za dhahabu kupamba mle ndani, na jengo lina vyumba 691, urefu wake mita 268 kufuata mto. Ujenzi ulianza 1885, na msanifu aliyelichora, Imre Steindl, alifariki 1902 kazi haijakamilika yote, miaka ya mwisho afya imemwisha kabisa lakini bado anasimamia. Kuba lake lina urefu wa mita 96, na hiyo namba wamekusudia, Wahungary wanahesabu mababu zao waliingia nchi hii mwaka 896, na mwaka 1896 wakasherehekea miaka elfu moja kwa kufanya kikao humo jengo likiwa bado linajengwa. Hata zile ngazi kuu zenye zulia jekundu zina vidato 96. Mama mdogo aliposikia hiyo akasimama katikati akaangalia juu muda mrefu, watu wakatupita, nikamuacha.

Chini ya kuba ndio kuna taji. Hapo picha hairuhusiwi, simu mfukoni, na wako serious, kuna walinzi wamesimama pembeni ya kabati la kioo na panga zao, hawatikisiki. Wanaliita taji la Mtakatifu Stefano, mfalme wao wa kwanza, ingawa wataalamu wanasema taji lenyewe limeundwa baada ya enzi zake. Ukilikaribia utaona ule msalaba wa juu umelala upande, umepinda kweli kweli, inasemekana ulipindishwa na mfuniko wa sanduku lililofungwa vibaya zamani, na hawajaunyoosha mpaka leo, mpaka kwenye nembo ya taifa wameuchora hivyohivyo umepinda. Vita vya pili vilipoisha taji likaangukia mikononi mwa jeshi la Marekani, likakaa Fort Knox, lile ghala lao la dhahabu, miaka na miaka, Rais Carter ndiye aliyelirudisha Januari 1978, likawekwa makumbusho ya taifa, na tarehe 1 Januari 2000 likahamishiwa hapa Bungeni. Mama mdogo alivutiwa hapo kuliko pote. Nchi haina mfalme tena, taji lake wakalileta kwenye nyumba ya wawakilishi wa wananchi, tulivyotoka tulilijadili hilo mpaka chakula kikapoa.

Lakini mimi kilichonikaa kichwani ni kitu kidogo sana ambacho kundi zima lilitaka kukipita. Kwenye korido nje ya ukumbi wa zamani wa baraza la juu (zamani Bunge lao lilikuwa na nyumba mbili), pale madirishani, kuna vyuma virefu vya shaba vya kuwekea sigara zile nene, vina mifereji midogo midogo ya kulaza sigara na kila mfereji una namba yake. Zamani mjumbe akiwa anavuta koridoni akisikia kuna hotuba inaanza anaiacha sigara yake kwenye namba yake, anaingia ndani, na kama hotuba ni tamu anakaa mpaka sigara inaungua yote na kuwa majivu. Ndio ikawa kipimo chao cha msemaji mzuri, hotuba iliyounguza sigara. Inama uangalie zile namba kwa karibu, shaba imesuguliwa inang'aa lakini mifereji bado inaonekana wazi, unawaona kabisa wale wazee wamesimama pale na moshi wao. Mama mdogo akasema "mwanangu, hapo ndio wangeweka na kipimo cha wanaochelewa kumaliza", nikacheka mpaka yule anayetuongoza akageuka.

Ndani ya ukumbi wenyewe mnakaa kidogo, viti vimepangwa nusu duara, mbao tupu na dhahabu. Ule mnaoingizwa ni wa lile baraza la juu ambalo halipo tena tangu vita viishe, siku hizi wanafanyia mikutano, na Bunge la sasa linakaa upande wa pili kwenye ukumbi unaofanana nao kabisa, maana jengo lote kushoto na kulia limechorwa sawa. Sisi tuliozoea Bunge la nyumba moja, kwanza Karimjee pale Dar na sasa Dodoma, tunaweza kuona kirahisi kwanini wameacha nusu ya jengo kwa ajili ya wageni.

Na ukiangalia nguzo utaona vijisanamu vya watu wa kazi, wachungaji, mafundi, wafanyabiashara, vimetengenezwa kwa udongo wa kuchoma wa kiwanda cha Zsolnay kule Pécs. Nilipenda sana kwamba pamoja na sanamu za watawala 16 zilizosimama chini ya kuba, na mchunga kondoo amepewa nguzo yake.

Mkishatoka msikimbilie metro. Zungukeni uwanja wa Kossuth taratibu, hapa tarehe 25 Oktoba 1956, kwenye yale mapinduzi ya kuupinga utawala wa Kikomunisti, watu waliokuja kuandamana walipigwa risasi, kuna kumbukumbu ya chini ya ardhi ambayo kuingia ni bure, na kwenye kuta za lile jengo la Wizara ya Kilimo lililo ng'ambo ya uwanja wameweka vitufe vya shaba palipoingia risasi. Halafu teremkeni mtoni, mkitembea kidogo kuelekea kusini mtakuta viatu vya chuma vimepangwa ukingoni, jozi 60, vya wanaume, wanawake na watoto, kumbukumbu ya Wayahudi walioamriwa kuvua viatu na kupigwa risasi waangukie mtoni majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945. Ile ndio sehemu ambayo mama mdogo hakuniuliza swali lolote. Watu wanaacha maua na mishumaa ndani ya viatu. Tafadhali usipige selfi ukiwa umekalia vile viatu, nimeona watu wanafanya na inaumiza roho.

Nikipewa nyota tano nagawa nne na nusu, nusu nimekata kwa ajili ya ule mwendo wa haraka. Jengo, usafi, usalama, lugha ya wahudumu, vyote viko vizuri, tiketi haikusumbua hata kidogo, tulionyesha simu wakaskani tukaingia. Kama unaleta watoto wadogo sana watachoka kwenye ngazi na hedifoni haitawashika, wasubirishe wakue kidogo, au mmoja abaki nao uwanjani kuna nafasi kubwa ya kukimbia.

Picha ya jengo zima usiihangaikie ukiwa pale chini yake, haitaingia kwenye simu. Panda tena M2 kituo kimoja tu, inapita chini ya mto, unashuka Batthyány tér, unatoka ukingoni, Bunge lote liko mbele yako. Nenda jua likikaribia kuzama ukae mpaka wawashe taa, na ubebe sweta hata kama ni kiangazi, upepo wa pale mtoni jioni ni mkali.