Swichi ya taa za breki ya Beetle: ipi haivuji?

Aliyenishtua ni dereva wa daladala. Aliteremka kwenye foleni akaniambia, "Dada, unafunga breki taa haziwaki." Kumbe zilikuwa zinawaka, ila mpaka nikanyage pedali kwa nguvu zote. Kwenye Beetle, ile Volkswagen ya zamani, swichi ya taa za breki imefungwa kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na inawashwa na shinikizo la mafuta ya breki. Hiyo ilikuwa swichi ya tatu mwaka huu, na zote tatu zimevuja.

Hesabu pini kabla ya kununua: ni mbili au tatu, ya tatu ikiwa ya taa ya tahadhari ya breki. Mengine fundi atakupimia. Mimi nataka utazame ukingo, pale chuma kilipokunjwa kushika kichwa cha plastiki. Watu wakiona unyevu wanadhani thredi, yale meno ya kukazia, imelegea, wanakaza na kuzungusha tepu ya mabomba. Thredi ile imechongoka, inajiziba yenyewe. Mafuta yanapita ndani: kiwambo, ule utando wa ndani unaozuia mafuta, kikichoka, yanapanda hadi kwenye kontakti, pale umeme unapounganishwa, yanatokea kwenye pini. Chomoa waya ushike pini. Zikiwa na mafuta, swichi hiyo imekufa.

Namba moja kwangu ni FAE ya Hispania, na sibadilishi msimamo. Ukingo wake umekunjwa sawasawa mzunguko mzima. Niliyofunga 2017 ilikaa miaka sita. ATE ya Mjerumani naiweka ya pili, nayo ni nzuri, ila mimi huisubiri kwa kuagiza. Zile za bei chee zisizo na jina ni za kukufikisha nyumbani tu.

Yoyote utakayofunga, toa upepo kwenye breki, kisha weka relei, swichi ya pembeni inayobeba umeme wa taa badala ya hii. Balbu mbili za wati 21 zinapitisha karibu ampea 3.5 kwenye kontakti ndogo sana, na cheche zinazila kila unapoachia pedali.

Kinachoniuma ni wauzaji. Duka moja mjini lilinitoza shilingi 35,000 kwa boksi lililoandikwa Ujerumani, ndani swichi haina hata nembo. Ukingo ulikuwa umepinda upande mmoja, ukipitisha ukucha unakwama. Siku ya tatu nairudisha, naambiwa kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi. Kifaa cha umeme! Hii imekaa kwenye masta silinda, ikivuja mafuta ya breki yanaisha! Tunauziwa breki kama chaja ya simu. Siku hizi naingia dukani na tochi, na boksi lisilofunguliwa mbele yangu silipii.