Magurudumu ya kaboni kwa baiskeli ya graveli: yapi ununue kwanza

Baiskeli nyingi za graveli, yaani za barabara za changarawe na vumbi, za bei ya kati hutoka kiwandani na magurudumu ya alumini ya gramu 1,900 hadi 2,100 kwa jozi. Ya kaboni huwa kati ya 1,300 na 1,600. Hapo ndipo tamaa huingia, na si tamaa mbaya, ila tupige hesabu kwanza. Chukua mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli, maji na vifaa vyake ni kilo 82. Mpunguzie gramu 450: umempunguzia kama nusu asilimia. Akipanda kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, mlima wa zaidi ya mita 1,000, kwa saa moja na nusu, atafika juu kama nusu dakika mapema. Anapotoka kwenye kona na kukanyaga upya atahisi wepesi zaidi, kwa kuwa uzito wa ukingoni ndio mgumu kuuanzisha. Mwendo ukishakolea, raha hiyo inakwisha.

Ndiyo maana kwenye murram mimi siyapangi magurudumu kwa gramu. Nayapanga kwa habu (kitovu cha gurudumu), spoki na upana wa rimu (duara la nje linaloshika tairi). Uzito unafuata nyuma.

Na kama bado unatumia tairi nzito zilizokuja na baiskeli, tyubu ndani, usifungue mkoba kwa ajili ya kaboni. Nunua tairi nzuri za tyublesi, yaani zisizohitaji tyubu, na dawa ya kuziba pancha inayomiminwa ndani. Tyubu ya kawaida ya tairi ya milimita 40 ina karibu gramu 180. Dawa ya kutosha gurudumu moja haizidi gramu 60 au 70. Unapata wepesi, unaendesha na upepo mdogo bila kuogopa kubana tyubu kwenye jiwe, na miba ya mgunga inageuka kero ndogo tu. Umeshafanya hayo? Basi tuendelee.

1. Kaboni ya bei ya kati yenye habu ya kawaida

Hii ndiyo namba moja yangu, na haina mpinzani wa karibu. Tafuta jozi ya gramu 1,450 hadi 1,600, rimu yenye upana wa ndani wa milimita 23 hadi 25 na kina, yaani kimo cha rimu kutoka tairi kuelekea habu, cha 30 hadi 45. Kina zaidi ya hapo ni cha lami. Tambarare za Kajiado upepo wa ubavuni utakusukuma hadi mtaroni.

Ninayoipenda zaidi ni ile ya kuagiza kwa vipimo vyako. Kampuni kama Light Bicycle ya Xiamen, China, inakuachia uchague rimu, habu na spoki mwenyewe, na bei huzunguka dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru. Ukifika kwenye habu, chagua DT Swiss 350. Si nyepesi kuliko zote. Uzuri wake ni kwamba kifuniko chake cha pembeni kinavutwa kwa mkono, mwili wa kaseti (sehemu inayobeba gia za nyuma) unatoka, na ndani unakuta sahani mbili zenye meno na springi. Pangusa vumbi, paka grisi kidogo, rudisha. Kazi ya dakika chache bila spana yoyote. Baada ya wiki ya mvua na matope, hiyo ni faida kubwa kuliko gramu 60 utakazookoa kwa habu ya kifahari.

Kwenye spoki, chukua zile zenye kichwa kilichopinda, si zilizonyooka. Spoki iliyopinda kichwa fundi wa Eldoret au Nakuru anaweza kuipata, au akakukatia nyingine kwa kipimo. Iliyonyooka na kubapa kama kisu inaagizwa, na wewe unakaa nyumbani ukisubiri. Kadhalika hakikisha vinati vya spoki, vile vya kukazia spoki kwenye rimu, viko nje ya rimu. Kuna rimu ambazo vinati vimefichwa ndani, zinapendeza kweli, lakini kunyoosha gurudumu kidogo tu lazima uvue tairi, umwage dawa na ubandue utepe wa rimu unaoziba matundu ya spoki. Mbio kama Migration Gravel Race kule Maasai Mara, zilizoanza 2021, ni siku nne na karibu kilomita 650. Huko hakuna anayekusubiri uvue tairi kwa sababu ya spoki moja.

Kama hutaki kuagiza kipande kwa kipande, Zipp 303 S iko kwenye kundi hili hili: kina cha milimita 45, upana wa ndani 23, uzito kama gramu 1,500. Ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa karibu dola 1,300. Rimu yake ni ya hukulesi, yaani haina ukingo uliojikunja wa kuikamata tairi, kwa hiyo tumia tairi ambayo mtengenezaji ameiidhinisha kwa rimu hizo, na usizidishe bar 5. Kwa graveli utakuwa kwenye bar 2 hivi, basi hofu si barabarani. Hofu ni kijana wa kituo cha mafuta mwenye kompresa na moyo wa kusaidia.

2. Alumini nyepesi

Gramu 1,650 hadi 1,800, na bei mara nyingi ni nusu ya kaboni au chini. Ukigonga jiwe, rimu inabonyea. Fundi anaishika kwa koleo, anaivuta taratibu, na unarudi nyumbani. Kaboni ikipasuka imepasuka. Anayebeba mizigo, mwenye kilo 90 na zaidi, au mwenye baiskeli moja ya kazi na ya mashindano, kwangu hii inapanda hadi namba moja.

3. Kaboni ya mtumba

Wageni wanaokuja kwa mashindano huacha vitu, na bei huwa tamu. Nunua kwa macho na vidole. Omba tairi ivuliwe. Muuzaji akikataa, ondoka. Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa rimu mzima, pande zote mbili, ukitafuta nyuzi zilizoinuka au mahali palipolegea. Gonga kwa sarafu: sauti ikigeuka kuwa butu sehemu moja, huenda pana ufa. Angalia pia matundu ya spoki. Alama nyeupe za dawa iliyokauka hapo zinaweza kuwa utepe uliotoboka tu, au rimu iliyopasuka, na bei lazima ihesabu lile baya zaidi.

4. Nyepesi kupindukia

Roval Terra CLX na wenzake wa gramu 1,300 hivi, dola 2,000 na zaidi. Vitu vizuri sana, kwa anayepewa na timu.

5. Kaboni isiyo na jina

Dola 350, picha nzuri, hakuna anayejua nani ameitengeneza wala habu inafunguliwaje. Hapana.

Kabla ya kulipa, pima. Ekseli nyingi za graveli ni milimita 12, upana 100 mbele na 142 nyuma, lakini angalia zako. Mwili wa kaseti lazima ulingane na gia zako; aina zake za kawaida ni HG, Micro Spline na XDR. Diski za breki ziwe za mfumo ule ule wa habu. Na kumbuka tairi ya 40 hupanuka kwenye rimu ya 25, mara nyingi ikapita 42. Ukiwa na fremu finyu, udongo mweusi wa msimu wa mvua utalifunga gurudumu kabisa. Mwisho, kwenye oda hiyo hiyo ongeza spoki mbili za akiba za kila urefu. Zikija peke yake baadaye, usafiri utazidi bei yake.