Jengo la Yanga Jangwani, nendeni hata siku isiyo na mechi

Kama we ni Mwananchi, yani shabiki wa klabu ya soka ya Yanga, uko Dar, na jengo la klabu pale Twiga na Jangwani unalijua kwa picha tu, tenga siku uende, tena nenda siku isiyo na shamrashamra maana siku za kombe hutaona kitu zaidi ya vuvuzela na jezi. Duka lipo, sikai sana hapo. Mi naongelea jengo lenyewe.

Klabu imeanza 1935, mkoloni bado yupo, vijana wanataka timu yao wenyewe. Mwaka uliofuata tu wakagawanyika na waliotoka ndo hao watani wetu wa leo, Simba, kwahiyo ukisimama pale uko kwenye chimbuko la wote wawili, hata wao wakikataa. Jengo limekuja baadae sana, baada ya uhuru, na ukikaa na wazee wa klabu (toa shikamoo yako vizuri, usiwe na haraka) watakutajia Mzee Abeid Karume kuwa ndo aliyewashika mkono kulijenga. Yani klabu ya wanachama ina ghorofa yake na uwanja wake wa mazoezi pembeni, Kaunda, miaka ile! Wachezaji walikuwa wanakaa kambini humo humo, wakishuka mazoezini mtaa unawaona. Katikati ya miaka ya 70 ukaja ule mgogoro wa ndani ya klabu uliozaa timu ya Pan African, watu wakaondoka, jengo likabaki Yanga mpaka leo.

Kinachoniuma ni maji. Bonde la mto Msimbazi liko pale pale, mvua kubwa ikipiga Kaunda inakuwa bwawa, na mafuriko ya Desemba 2011 ndo yaliyofanya watu wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Timu kufanya mazoezi Avic Town kule Kigamboni naelewa kabisa, soka la sasa linataka hivyo, ila Jangwani isije ikabaki ofisi na duka tu. Pale panastahili makumbusho ya maana, makombe, picha, jezi za zamani, na wale wazee walipwe wakae wasimulie, wakati bado tunao.

Nyota nne kati ya tano, ya tano ntaitoa siku Kaunda itakapoinuliwa kwa kifusi cha kutosha watoto wa mtaani wakacheza masika na kiangazi. Kwa mwendokasi shuka kituo cha Jangwani, ila kipindi cha mvua ulizia kwanza maana barabara ya Morogoro pale bondeni huwa inafungwa.